Kitabu cha kusikiliza na kitabu cha kubaki nacho peke yako

Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, na kusoma kwangu kuko kwa aina mbili. Kuna kusoma kwa macho, hiyo ni usiku watoto wakishalala na nyumba imetulia, na kuna kusoma kwa masikio, hiyo ni mchana kutwa maana mikono iko kwenye kitambaa na macho yako kwenye sindano, kilichobaki bure ni masikio tu. Wateja wakinikuta na hedifoni wanajua nasikiliza taarabu, na kweli taarabu naipenda sana, ila mara nyingi humo ndani kuna mtu ananisomea kitabu.

Shida ni kwamba vitabu vya sauti vya Kiswahili vilivyosomwa vizuri kuanzia mwanzo mpaka mwisho bado ni vichache. Ukiingia mtandaoni unakutana na simulizi za mapenzi na za uchawi bila idadi, mtu anasoma huku mziki wa huzuni unalia nyuma yake mpaka maneno yanamezwa, na ukishanogewa unaambiwa sehemu inayofuata ni ya kulipia. Kurani iko kwa sauti ya kila msomaji unayempenda, Biblia nzima iko, mawaidha ndo usiseme, yaani sisi ni watu wa kusikiliza kabisa, lakini zile riwaya zetu nzuri, za watu walioijua lugha, kuzipata zimesomwa na mtu anayejua kupumua kwenye koma ni kazi. Kwahiyo nyumbani kwetu vitabu vingi tumejisomea wenyewe na vingine tumerekodi wenyewe, na hayo ndo nataka kuyaeleza maana yamebadilisha kabisa tunavyokaa jioni.

Aliyetuingiza huko ni baba yangu. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Kiswahili kakifundisha miaka yote ya kazi yake, na presha ya macho imemwondolea uwezo wa kuona. Ugonjwa huu una hila jamani, kwa watu wengi hauumi wala jicho haliwi jekundu, unaanza kula pembeni kidogo kidogo, mzee anajikwaa kizingitini, anagonga kikombe kilichokuwa ubavuni kwake, nyie mnasema uzee, kumbe mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa na ukishakufa haurudi, matone na upasuaji vinalinda kile kilichobaki tu. Mwenye mzazi aliyevuka arobaini ampeleke apimwe hata kama bado anasoma gazeti bila miwani, naomba sana hilo.

Alipohamia kwangu alikuja na begi moja la nguo na sanduku la bati la vitabu, na sanduku ndo lilikuwa zito. Basi jioni anakaa nalo, anatoa kimoja, anakipapasa, anakijua kwa unene wake na jinsi jalada lilivyochanika, anakitaja jina halafu anakirudisha. Mi niko pembeni napiga pasi nguo za watu, roho inauma. Nikamwambia baba, kipi nikusomee? Hata hakufikiri, akasema Kusadikika.

Sasa Kusadikika kwa mtu wa Tanga ni kitabu cha nyumbani. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani mwaka 1909, kafariki 1962 na kazikwa Machui, huku huku kwetu, na baba hamtaji bila kuanza na marehemu mzee. Kitabu kilitoka 1951 wakati mkoloni bado yupo, kinahusu nchi iliyoko hewani, na Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Kujitetea kwake kunakwenda siku sita na kila siku anatoa habari za mjumbe mmoja aliyetumwa mbali, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mpaka mbinguni na ardhini, kila mmoja katafuta jambo la kuwafaa watu wake na aliporudi malipo yake yakawa gereza. Shuleni nilikisoma kwa ajili ya mtihani, nikakariri dhamira na wahusika basi. Nilipokisoma kwa mdomo ndo nikaona kimekatwa sawasawa kwa ajili ya jioni, mjumbe mmoja usiku mmoja, unafunga kitabu watu bado wana hamu.

Na zile sentensi zake, kwa macho zinachosha kweli, ndefu, unafika mwisho umesahau ilianzaje. Kwa mdomo ni habari nyingine kabisa, yule bwana alikuwa mshairi na hata asipoandika shairi mizani iko humo, ukifuata vituo vyake pumzi inakutosha na maana inakuja yenyewe. Baba anasikiliza kafumba macho, nikiruka neno anajua, anasema rudi hapo kuna kitu umekiacha, nikirudi kweli nalikuta. Mtu hajakisoma kitabu miaka, ila bado kinakaa kichwani mwake chote.

Watoto mwanzoni walikuwa upande ule na simu yao. Aliyesogea wa kwanza ni kifungua mimba wangu, akasema mama, Majivuno hasemi hivyo, huyo unayemsoma wewe si mtu wa kujivuna, lete mi nisome. Akasimama katikati ya sebule, kanga kaitupia begani, akamshitaki Karama mbele ya mfalme kwa sauti ya kukoroma, babu yake alicheka mpaka akakohoa. Tulipofika kwa mjumbe wa tatu kila mtu ana sehemu yake, wa pili ndo Karama, kitinda mimba anayejifunza kusoma akawa ni watu wa barazani, kazi yake kunung'unika na kushangilia, na anashangilia hata pasipohitajika. Baada ya kusoma ndo mabishano yanaanza sasa, kwanini Karama asikimbie tu, kwanini mfalme kakaa kimya muda wote huo, na babu anawajibu kwa kuwauliza swali lingine, ualimu haujamtoka. Hapo nilijua kwamba hatutaishia kitabu kimoja.

Tukaenda Adili na Nduguze. Hiki nakipendekeza kwa nyumba yenye watoto wadogo ila muwe tayari kwa machozi, maana kuna Adili, liwali mwema anayesifiwa na kila mtu, na kila usiku anaingia kwenye chumba anawachapa manyani wawili viboko mpaka wanalia, halafu yeye mwenyewe analia, anawafuta machozi na kuwalisha chakula kizuri. Kitinda mimba alikasirika, akasema huyu si mtu mwema, acheni kusoma. Tukamwambia vumilia, na kuvumilia kwenyewe si kudogo kwasababu hadithi inaingia ndani ya hadithi, unazunguka baharini huko na kwenye mji wa watu waliogeuka mawe ndipo unarudi kujua wale manyani ni nduguze wa kuzaliwa, Hasidi na Mwivu, na kwamba asipowachapa yeye mwenyewe atageuzwa nyani. Ile jioni ya jibu ilikuwa kimya sebule nzima, halafu mtoto akauliza kama na yeye akimwonea wivu kaka yake atageuka. Hakuna mtu aliyemjibu haraka, kaka yake ndo alimjibu kwamba hata ukigeuka mi sikuchapi. Nilitamani nimkumbatie pale pale.

Kwa furaha lakini hakuna kilichomshinda Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58 kikachapwa 1960, na mpaka leo kinamkalisha mtoto wa intaneti chini. Mtu kakutwa ameuawa mzimuni, na Bwana Msa na kiko chake, hana haraka, anauliza vitu ambavyo wewe unaona havina maana, rafiki yake Najum anashangaa nawe unashangaa naye. Kitabu cha upelelezi kikisomwa na familia kina raha ambayo peke yako huipati, kila mtu ana mshukiwa wake, anaandikwa kwenye karatasi, na kuna ugomvi wa kweli kuhusu nani kachungulia mbele. Babu akatoa hukumu, kitabu kitalala chini ya mto wake, kwa kuwa humu ndani ni yeye peke yake asiyeweza kuchungulia. Ikapita bila kupingwa na ndo sheria ya nyumba mpaka sasa.

Kurekodi kulikuja kwasababu msimu wa sare za shule ukifika na kabla ya Idi mi narudi usiku, nimechoka, na watoto wana mitihani. Mzee anakaa kutwa anasubiri mtu amfungulie kitabu, sikuipenda hali ile. Tukaanza na simu tu, na nimejifunza vitu ambavyo labda vitamsaidia mwingine mwenye mzee wa namna hii. Chumba chenye ukuta mtupu kinarudisha sauti, msomaji anasikika yuko ndani ya tanki. Sehemu nzuri kuliko zote ni kwenye kibanda changu, katikati ya majora ya vitenge na nguo zilizotundikwa, kitambaa kinameza mwangwi, sauti inatoka safi na ya karibu. Feni izime hata kama joto linakuua. Saa nzuri ni baada ya Isha bodaboda zikipungua au alfajiri mapema sana, ila alfajiri kuna majogoo na jogoo la Ngamiani halina adabu. Simu isiwe mbele ya mdomo, weka pembeni kidogo la sivyo kila neno la p linapiga mlipuko. Soma sura moja moja, usiunganishe, na mwanzo wa kila sura taja jina la kitabu na namba ya sura kwa sauti, maana asiyeona hana pa kusoma hiyo sura ya ngapi.

Na la muhimu kuliko yote, simu ya tachi kwa kipofu mzee ni mateso. Kioo kimelala tu, vidole havina cha kushika. Sisi tuliweka zile sura kwenye memori kadi tukaichomeka kwenye kiredio kidogo chenye vitufe vya kubonyeza, kile cha kuwasha na kusimamisha nikakibandikia kipande cha ngozi kigumu, cha kwenda mbele nikakibandikia kishikizo kidogo cha shati. Anavijua kwa kidole gumba. Sasaivi mzee anaamka, anakunywa chai yake na mbaazi na maandazi, anajisomea, haombi mtu. Wazee wenzie wa barazani wameanza kuja na wao, wanasikiliza, wanasimamisha, wanabishana, wanaendelea. Anasema inamkumbusha enzi za RTD, ile Redio Tanzania Dar es Salaam, kile kipindi cha Mama na Mwana cha Deborah Mwenda ambacho na mimi kimenilea, redio moja na watoto wa nyumba tatu wamekaa kimya wanasubiri hadithi.

Hizo rekodi ni za kwetu wa nyumbani, mtandaoni hatupandishi, vitabu vina wenyewe. Dada yangu tu aliyeko Muscat ndo tunamtumia, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu na anasikiliza akiwa jikoni. Aliniambia kwamba kitabu anakifuata ndio, ila anachokisubiri zaidi ni zile sehemu mtoto anakosea, babu anamrekebisha kwa mbali na mtu mwingine anacheka. Mi nilikuwa nataka kuzikata hizo sehemu, kuanzia siku ile sikati tena. Msomaji wa studio atasoma vizuri kuliko sisi sina ubishi, lakini hawezi kumpelekea mtu wa ughaibuni kikohozi cha baba yake.

Mtoto wangu wa pili, yule Karama wetu, yuko kidato cha tatu na Kiingereza kilikuwa kinamsumbua kukisikia, kukiandika anajua. Nikamwonyesha LibriVox, kazi ya watu wa kujitolea iliyoanza 2005, wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha na wanaweka bure kabisa, anashusha usiku akinunua bando la usiku maana ni nafuu. Akachagua kisiwa cha maharamia cha Robert Louis Stevenson, kile cha 1883. Siku moja anasikiliza kwa spika, babu yake kasimamisha kiredio chake, anasema hebu kwanza, hicho nakijua, hicho ni Kisiwa chenye Hazina. Kumbe kilishatafsiriwa kwa Kiswahili tangu 1929 na wao walisomeshwa shuleni! Ikawa mjukuu anapiga kipande cha Kiingereza, anasimamisha, babu anaeleza kwa Kiswahili kinachofuata, Jim kajificha ndani ya pipa la matofaa anawasikia maharamia wanapanga kuua, na mzee anaeleza huku kajikunja kitini, yuko pipani kabisa. Kabla ya hapo, kule mwanzoni mwa kitabu, walipofika kwa yule kipofu mwovu anayekuja na fimbo yake barabarani, gonga gonga, kijana alinyamaza, akataka kuruka. Babu akamwambia usiruke, huyo kipofu mbaya, mimi kipofu mwema, weka. Toka hapo wale wawili wana urafiki wao ambao sisi wengine hatuuingilii, na Kiingereza cha kusikia kimepanda, nikimwambia apunguze kasi ananiambia mama mi naelewa. (Kasi yenyewe hii ya kusikiliza kitabu kwa haraka haraka ili ukimalize siipendi hata kidogo, unakimbilia wapi, msomaji kaweka pumziko pale kwa sababu.)

Sasa si kila kitabu kinafaa sebuleni. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, mimi nilikisoma msichana, peke yangu, kwa kujificha, kitabu ambacho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kabla ya kuja kufundishwa humo humo. Yule baba mlevi na mkali anayedhani kumfungia mtoto wa kike ndo kumlinda, na mtoto akitoka nje ya mlango hajui dunia ikoje. Siwezi kukisoma kwa sauti mbele ya baba yangu, heshima hairuhusu, na sidhani kama ni jambo la kulilazimisha. Lakini binti yangu nimempa akakisome peke yake, na alipomaliza hakuja kukieleza mbele ya wenzie, alinifuata kibandani, akakaa kwenye kigoda, nikazima mashine. Tuliongea mambo ambayo bila Rosa sijui ningeyaanzia wapi. Mama yangu marehemu mimi alinipitisha kwenye Utenzi wa Mwana Kupona, ule wa 1858 ambao mama mgonjwa anamuusia bintiye, alikuwa anaughani kwa mahadhi tukiwa wawili tu tunasuka nywele, na yako mambo ya mume na nyumba humo leo nayakubali na yako ninayoyakataa, ila ile sauti yake bado naisikia nikiupata popote. Nami binti yangu nimempa riwaya. Kila mtu na alichonacho.

Nagona ya Kezilahabi huyo huyo tulijaribu kuisoma jioni tukaiacha, ni kijitabu chembamba lakini kila mstari unakutaka usimame, baba anasema rudia, narudia, anasema rudia tena, watoto wanasinzia. Kile ni cha mtu mmoja na taa.

Na cha kwangu mimi, ambacho sijamsomea mtu, ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Mzaliwa wa Zanzibar, kapata Nobel ya fasihi 2021, anaandika kwa Kiingereza, na hii ni ile Paradise yake ya 1994 ambayo Ida Hadjivayanis kaileta kwa Kiswahili ikachapwa na Mkuki na Nyota 2022. Yusuf ni mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwasababu baba yake ana deni, na yeye mwenyewe anadhani anaenda kutembea tu. Mume wangu yuko zamu ya usiku bandarini, nyumba imelala, mi nakaa na kurasa zile nasoma polepole mno, kuna ukurasa wa kuagana pale mwanzoni niliusoma nikafunga kitabu, nikaenda kuangalia wanangu wamelala vipi, nikarudi nikausoma tena. Hapo ningekuwa na msikilizaji ningelazimika kuendelea, kuweka sauti sawa, kujibu swali. Sikutaka sauti yoyote, hata yangu. Baba aliniuliza unasoma nini usiku huko, nikamwambia nitakusomea baba, ila bado, kwanza kiwe changu. Akasema sawa mwanangu, nitasubiri, na hajaniuliza tena.

Aliyekuwa amebaki nje ya haya mambo yote ni baba watoto. Anarudi bandarini kachoka, anasema vitabu ni vya ukoo wa walimu, yeye anakula anaenda kulala huku sisi tunasoma. Mwezi huu katika kuchagua kitabu kipya baba yangu akatoa Kuli ya Adam Shafi, ya 1979, akasema hiki kinahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Mume wangu alikuwa ameshika mlango wa chumbani, akauliza mgomo gani. Baba akamweleza, mizigo ilivyobebwa, ujira ulivyokuwa, huyo kijana Rashidi alivyoingia kwenye kazi ya baba yake. Akarudi akakaa. Tumesoma sura za mwanzo na anatukatisha kila saa, hapana, gunia halibebwi hivyo, hapo winchi ingekuwa inafanya hivi, na babu anamwambia eleza mwanangu, eleza watoto wasikie. Sehemu za Rashidi kazichukua zote, anazisoma yeye, taratibu, kidole kwenye mstari, na zamu yake ikiwa ya usiku tunaambiwa tusiguse kitabu mpaka arudi.